Mahjub bin Adam Mohamed (1904–1944): Askari, Mateka na Mwalimu wa Kiswahili Kutoka Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Historia ya taaluma ya Kiswahili imezoea kuandikwa kwa majina ya watu waliotia saini vitabu. Tunawataja Krapf, Steere, Büttner, Velten, Meinhof na Westermann, kisha tunaorodhesha sarufi na kamusi zao kwa mpangilio wa miaka. Wale waliotamka maneno ambayo wataalamu hao waliyaandika hutajwa kwa nadra, na wengi wao hawatajwi kabisa. Makala haya yanakusudia kueleza maisha ya mmoja wa watu wa kundi hilo la pili: Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye katika Ujerumani alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Maisha yake yamevuta macho ya wanahistoria wa Ujerumani tangu mwaka 2007, ulipochapishwa wasifu wake uliotungwa na Marianne Bechhaus-Gerst, na baadaye mtayarishaji wa filamu Eva Knopf akayatengenezea filamu ya kumbukumbu. Hata hivyo, katika mitaala yetu ya historia ya Kiswahili jina lake halijapata mahali. Sababu mojawapo bila shaka ni kwamba maisha yenyewe yanatatiza. Huyu hakuwa mpinzani wa ukoloni. Aliuvalia sare akiwa mtoto, akadai haki zake kwa jina la utumishi wake huo, na hata akashiriki katika harakati za Wajerumani waliotaka kurudishiwa makoloni yao. Mwisho wake ulikuwa kifo katika kambi ya mateso. Hoja ya makala haya ni kwamba maisha ya namna hii hayawezi kueleweka kwa kumpima mhusika kwa mizani ya shujaa au msaliti. Yanaeleweka vizuri zaidi tukichunguza ni haki zipi alizoweza kuzidai, na ni kwa hoja ipi tu aliyokuwa nayo.

2.0 Mji, Ukoo na Jeshi

Mahjub alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Mji huo, ambao Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860, ulikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani tangu mwaka 1891, serikali ilipohama kutoka Bagamoyo. Ulikuwa umeanza kugawanyika katika sehemu ambazo wenyeji waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na eneo tunalolijua leo kwa jina la Kariakoo lilikuwa bado shamba kwa sehemu kubwa.

Baba yake, Adam Mohamed, alikuwa askari wa asili ya Sudani. Hili halikuwa jambo la ajabu. Hermann von Wissmann alipokuja mwaka 1889 kupambana na upinzani wa watu wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim na wenzake, alikuja na mamia ya Wasudani aliowaandikisha Misri. Hao ndio waliokuwa kiini cha jeshi la ulinzi la koloni. Wengi walikaa, wakaoa, wakazaa watoto ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa Kiswahili. Vyeo vyao vilitokana na mfumo wa jeshi la Misri na Uturuki, navyo vimeacha alama katika lugha yetu. Adam Mohamed alifikia cheo cha efendi, ambacho kilikuwa cheo cha juu kabisa kwa Mwafrika katika jeshi hilo. Neno hilohilo, kwa umbo la afande, bado linatumika kila siku katika vituo vya polisi na kambi za jeshi za Tanzania.

Jina Mahjub pia linastahili kuangaliwa. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya aliyesitiriwa au aliyefichwa nyuma ya pazia. Katika nyumba ya askari wa Kisudani aliyeishi pwani, jina hilo lilikuwa la kawaida. Jina alilolitumia baadaye Ulaya lilimtenga na ukoo huo machoni pa wasomaji wa nyaraka, na kwa muda mrefu mtu mmoja alionekana kama watu wawili.

Kabla ya vita Mahjub alikwisha kujifunza Kijerumani, na kwa ujuzi huo alipata kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo huko Lindi. Ikumbukwe kwamba shule za serikali ya Kijerumani zililenga hasa kuandaa watu wa namna hiyo: makarani, wakalimani na wasaidizi wa maakida. Neno shule lenyewe, kama lilivyo neno hela, tumelirithi kutoka zama hizo. Kwa mtoto wa efendi, lugha ya mtawala ilikuwa chombo cha kazi tangu utotoni.

3.0 Vita na Utekwaji wa Kwanza

Vita Vikuu vya Kwanza vilifika Dar es Salaam mapema. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza iliupiga mji mizinga. Baba na mwana waliingia vitani pamoja chini ya uongozi wa Paul von Lettow-Vorbeck. Mahjub alikuwa na umri wa miaka 10. Watoto wa askari kufuatana na jeshi lilikuwa jambo la kawaida katika mfumo ule, kwani wake na watoto walisafiri na vikosi; lakini kuwamo kwake katika orodha ya wanajeshi kulimfanya awe, kwa istilahi ya leo, askari mtoto.

Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, na jeshi la Wajerumani likaendelea kurudi nyuma kuelekea kusini. Mwezi Oktoba 1917, huko Mahiwa katika bara ya Lindi, yalitokea mapigano ya siku kadhaa ambayo ni miongoni mwa yale yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika vita vyote vya Afrika ya Mashariki. Upande wa Waingereza, uliojumuisha kikosi cha Wanigeria, ulipoteza watu zaidi ya 2,000 kwa kuuawa na kujeruhiwa. Wajerumani walipoteza watu wachache zaidi, lakini walikuwa hawana namna ya kuwafidia, na mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akaingia katika koloni la Wareno. Mahjub hakuvuka naye. Alijeruhiwa Mahiwa na kuchukuliwa mateka na Waingereza. Alikuwa na umri wa miaka 13.

Kwa upande wa watu wa kawaida, vita hivyo havikuwa vya askari tu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu pande zote mbili. Waingereza waliwapanga wapagazi wao katika kikosi maalumu, na kambi yao ya Dar es Salaam ilikuwa katika ukumbi ambao Wajerumani waliujenga na kuuacha. Jina la Kiingereza la kikosi hicho, Carrier Corps, katika vinywa vya wenyeji liligeuka kuwa Kariakoo. Konsonanti zilizofuatana mwishoni mwa silabi ziliondolewa na irabu zikachukua nafasi, kama kanuni za silabi za Kiswahili zinavyodai. Ukumbi huo ulitumika kama soko tangu mwaka 1923, na ndipo lilipokuja kujengwa, katika miaka ya 1970, soko lililosanifiwa na Beda Amuli. Hivyo mtaa mashuhuri kuliko yote katika jiji unabeba jina la waliobeba mizigo ya vita. Mwaka 1927, katikati ya mji, Sanamu ya Askari ilizinduliwa mahali ilipokuwa imesimama sanamu ya Wissmann. Iliwakumbuka Waafrika waliotumikia upande ulioshinda. Kwa waliopigania upande ulioshindwa hapakuwa na sanamu, na kwa wengi wao hapakuwa hata na mshahara.

4.0 Kutoka Melini Hadi Berlin

Mahjub aliokoka katika utekwaji na kurudi katika mji uliobadilika mikono. Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza, na Kijerumani chake kikapoteza thamani katika ofisi za serikali. Mahali kilipobaki na thamani ni baharini. Alifanya kazi za utumishi katika meli mbalimbali, na mwaka 1925 akaajiriwa kuwa mhudumu katika meli ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, ambayo ilikuwa imerudi tena katika bandari za pwani yetu.

Mwaka 1929 alifika Berlin akiwa na jambo mahsusi la kudai: malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake kwa miaka ya vita. Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani ililikataa dai lake kwa sababu kwamba muda wa kuwasilisha madai ulikwisha pita. Uamuzi huo unahitaji kutafakariwa. Serikali haikusema kwamba hakutumikia. Ilikubali utumishi, ikakataa deni. Mwenendo huo ulirudiwa kila mara katika miaka 15 iliyofuata, na kila mara Husen, kama tutakavyomwita kuanzia hapa, alijibu kwa kuutaja tena utumishi wake.

Alibaki Berlin. Alipata kazi ya uhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe lenye migahawa mingi iliyopambwa kwa sura ya nchi mbalimbali, ambamo wahudumu wa rangi tofauti walikuwa sehemu ya mapambo. Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner. Siku tatu baadaye Adolf Hitler aliapishwa kuwa Chansela.

5.0 Mwalimu wa Kiswahili Asiye na Cheo

Katika miaka hiyo ya 1930 Husen alifundisha pia Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin, katika taaluma iliyoongozwa na Diedrich Westermann. Ili kuielewa kazi hiyo hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1887, na tangu mwanzo Kiswahili kilifundishwa kwa mpango wa watu wawili: profesa Mjerumani aliyeeleza sarufi, na msemaji wa lugha aliyesoma matini kwa sauti, kurekebisha matamshi na kuzungumza na wanafunzi. Miongoni mwa wasemaji hao walikuwamo Amur bin Nasur wa Zanzibar na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903 na yangali chanzo kikuu kwa watafiti. Mtoro alioa mwanamke Mjerumani, na alipotaka kurudi naye Afrika ya Mashariki serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka. Alifariki Berlin mwaka 1927, miaka miwili kabla ya Husen kufika. Alikuwapo pia Mdachi bin Sharifu, ambaye baada ya vita alisimama hadharani Ujerumani kuueleza ukatili wa utawala wa kikoloni.

Kwa hiyo Husen aliingia katika nafasi iliyokuwa na historia, na historia hiyo inatuonesha kwamba wasemaji hawa hawakuwa na msimamo mmoja wa kisiasa. Walichoshirikiana ni hali ya kazi. Ujira ulikuwa mdogo, cheo kilikuwa cha usaidizi, na ujuzi wao ulihesabiwa kuwa malighafi ya ujuzi wa mwingine. Husen hakuwa na shahada, lakini alikuwa na kile ambacho hakuna profesa wa Berlin aliyekuwa nacho: Kiswahili cha Dar es Salaam kilichokuzwa katika nyumba ya askari, ukarani na meli.

Msomaji atatambua ulinganifu na mambo yaliyokuwa yakitendeka kwetu wakati huohuo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambao Meinhof alihudhuria, ulikubali lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Kwa miaka mingi ya mwanzo kamati hiyo haikuwa na mjumbe Mwafrika. Kamusi ya Kiswahili sanifu iliyosimamiwa na Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939. Berlin na Afrika ya Mashariki, ambazo siasa ziliziweka mbalimbali, zilikubaliana katika jambo moja: msemaji wa lugha aliitwa kujibu maswali, hakuitwa kuamua.

6.0 Sheria, Filamu na Kambi

Utawala wa Kinazi haukumfukuza Husen mara moja. Ulimbana hatua kwa hatua. Watu kutoka makoloni hawakuwa wamewahi kupewa uraia kamili wa Ujerumani, na baada ya makoloni kupotea hadhi yao kisheria ilining'inia. Husen aliomba nishani waliyopewa waliopigana katika vita vya 1914 hadi 1918, akanyimwa. Mwaka 1935 aliipoteza kazi yake Haus Vaterland. Mwaka huohuo zilitungwa sheria za ubaguzi za Nürnberg, na amri zilizofuata ziliutumia mwiko wa ndoa na mahusiano kwa Waafrika pia, sio kwa Wayahudi peke yao. Ndoa ya Husen iliokolewa na tarehe yake tu.

Hata hivyo dola ilikuwa na matumizi naye. Harakati za kudai makoloni zilihitaji Mwafrika mwenye sare wa kusimama katika mikutano na maandamano kama ushahidi kwamba wenyeji walimpenda Mjerumani, na Husen alisimama. Alishiriki katika onyesho la kuzunguka mijini lililoitwa Deutsche Afrika-Schau, ambalo liliwapa Waafrika riziki na wakati huohuo likawaweka mahali pamoja chini ya uangalizi, hadi lilipofungwa mwaka 1940. Vita vilipoanza mwaka 1939 aliomba kujiunga na jeshi. Alikataliwa.

Kazi iliyobaki ilikuwa filamu. Alionekana katika filamu zisizopungua 20, nyingi katika sehemu za mpito: mpagazi, mtumishi, mlinda mlango. Alionekana hata katika filamu ya mwaka 1937 ya Zarah Leander, Zu neuen Ufern. Sehemu yake kubwa kuliko zote ilikuwa katika filamu ya Herbert Selpin juu ya Carl Peters, iliyotoka mwaka 1941, ambamo aliigiza kiongozi wa njia mwaminifu aitwaye Ramasan, kando ya Hans Albers. Peters wa historia ndiye aliyeachishwa kazi ya serikali mwaka 1897 kwa sababu ya kuwanyonga watumishi wake Waafrika, Mabruk na Jagodja, huko Kilimanjaro. Filamu ilimsafisha, na mtoto wa Dar es Salaam akapewa kazi ya kumwamini. Ieleweke pia kwamba filamu za kikoloni za miaka hiyo ya vita ziliwatumia mateka Waafrika waliotekwa katika jeshi la Ufaransa ili kujaza mandhari. Mtu aliyewahi kuwa mateka wa Waingereza akiwa na miaka 13 alifanya kazi katika tasnia iliyowageuza mateka wengine kuwa mapambo.

Katika mwaka huohuo wa 1941, uhusiano wake na mwanamke Mjerumani ulipelekwa kwa wakubwa. Gestapo walimkamata kwa tuhuma ya kuichafua damu ya taifa, na bila kufikishwa mbele ya mahakama akapelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin. Aliishi humo kwa miaka mitatu. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka 40.

7.0 Suala la Utii

Linabaki swali ambalo mtafiti yeyote wa Afrika ya Mashariki atalazimika kulijibu: tumweke wapi mtu aliyewatetea waliomtawala? Jibu la haraka lingekuwa kusema kwamba alilaghaiwa, au kwamba alijipendekeza. Majibu yote mawili yanaupuuza ushahidi wa mfululizo wa madai yake. Mshahara, nishani, nafasi jeshini: Husen hakukoma kudai, na kila dai alilijenga juu ya msingi mmoja, yaani kwamba alimwaga damu kwa ajili ya Ujerumani. Hakuwa raia, hivyo hakuweza kudai kama raia. Hakuwa na shahada, hivyo hakuweza kudai kama mtaalamu. Kukana utumishi wake wa kijeshi kungekuwa kukana hati pekee aliyokuwa nayo mkononi.

Maelezo haya hayamwondolei lawama zote. Mikutano ile ya kikoloni ilikuwa na lengo la kuirudisha nchi yake mwenyewe chini ya mikono iliyoizima Maji Maji kwa njaa na moto, vita ambavyo vilianza alipokuwa mtoto wa mwaka mmoja. Mdachi bin Sharifu alionesha kwamba njia nyingine iliwezekana, ingawa yeye alizungumza katika miaka ambayo mtu bado aliweza kuzungumza. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba utii wa Husen ulikuwa hoja ya mdai, na waliodaiwa waliufaidi utii huo bila kulipa deni.

8.0 Hitimisho

Tangu mwaka 2007 liko jiwe dogo la kumbukumbu lenye jina lake katika njia ya waendao kwa miguu, Brunnenstraße, Berlin, mahali alipowahi kuishi. Dar es Salaam, alikozaliwa, hakuna alama ya namna hiyo, na huenda si lazima iwepo. Lakini liko jambo ambalo idara zetu zinaweza kulitenda bila kusubiri jiwe. Kozi za historia ya Kiswahili zinazoanza na sarufi za wamisionari na kuishia na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ziongeze sura moja juu ya wasemaji walioifundisha lugha hii ughaibuni: walikotoka, walilipwa nini, na ni maarifa gani yao yaliyochapishwa kwa majina ya wengine. Kwa mtafiti wa uzamili hii ni kazi inayowezekana, kwani matini zilizochapishwa Berlin bado zinasomeka, na ndani yake tofauti za lahaja na msamiati huweza kutuonesha ni kinywa cha nani kilichozitamka. Katika sura hiyo Mahjub bin Adam Mohamed aandikwe kwa jina alilopewa na baba yake, na utumishi wake wa kikoloni uandikwe karibu na ualimu wake, bila kimojawapo kufutwa kwa ajili ya kingine.